Ambrosi Akimlilia Ndugu Yake

Katika vitabu vya Mababa wa Kanisa kimoja chafaa kusomwa katika nyumba yenye kilio. Ni kile cha Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, alipofiwa na ndugu yake Satyrus karibu mwaka 378. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni hotuba ya siku ya maziko. Ya pili aliitoa siku ya saba, nayo yaeleza ufufuko wa wafu. Wengi husifu ya pili kwa mafundisho yake. Sisi twapenda zaidi ya kwanza, maana humo askofu analia, tena anataja mali.

Kutaja mali mbele ya maiti! Kwetu afanyaye hivyo huonekana hana haya. Kumbe mara nyingi walionyamaza siku ya kilio ndio wanaorudi baadaye kuchukua kitanda na cherehani.

Satyrus aliacha kazi ya serikali, akasimamia mali ya nyumba yao ili Ambrosi apate nafasi ya kazi ya uaskofu. Mtu mmoja, Prosper (jina ambalo hata kwetu halikosekani), alidhani kwamba askofu hatamdai tena. Satyrus akavuka bahari mpaka Afrika, akamdai kwa upole, akalipwa yote. Akarudi, akafa. Hapo Ambrosi amwuliza marehemu: mali hiyo ulikuwa ukimtafutia nani? Sisi pia tumezika kaka, na daftari lake la madeni lilibaki mezani kwetu. Swali hilo lilitufanya tufunge kitabu kwa siku kadhaa.

Satyrus hakuandika wasia. Aliwaomba tu Ambrosi na dada yao Marcellina wawape maskini kadiri watakavyoona ni haki. Neno hilo lingaliweza kuwa mlango wa kutoa kidogo. Wao walitoa yote, wakijihesabu kuwa watunzaji, si warithi.

Lakini tuseme wazi: kwetu hotuba hii haitoshi. Satyrus hakuwa na mke wala mtoto. Humo hamna mjane anayeulizwa ufunguo, hamna mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa kukosa malipo. Ndugu akiisoma haraka aweza kujiona Ambrosi, akatoa sadaka mali ya yatima, na watu wakamsifu! Sheria ya jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 huwapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ndiyo ya mjane, wazazi na ndugu. Anayetaka ukarimu wa Ambrosi na aanze na sehemu yake mwenyewe, hata ikiwa ndogo.

Daftari la kaka tumelipeleka kwa shemeji yetu. Tumeketi naye, tukamsomea majina ya wadaiwa mmoja mmoja. Mawili kati ya majina hayo yalikuwa ya ndugu zetu.