Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o Katika Word: Njia ya Kuchapa ĩ, ũ na Ritifaa

Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o lina alama tatu zinazowasumbua wachapaji: ũ, ĩ na ritifaa ya ng'. Mbili za kwanza hazimo kabisa kwenye kibodi ya kawaida ya Kiingereza inayotumika Afrika Mashariki. Ya tatu imo, lakini Microsoft Word huibadilisha sura mara tu inapochapwa. Karibu kila kosa linaloonekana katika miswada ya Kikuyu, Kikamba na Kimeru linaweza kuonekana ndani ya jina hili moja.

Kikuyu kina irabu saba. Tano huandikwa kama za Kiswahili, na mbili zilizobaki, ĩ na ũ, huwekewa wimbi dogo juu liitwalo tilda. Herufi ĩ hutamkwa karibu na e ya Kiswahili, na ũ karibu na o. E na o za Kikuyu zenyewe hutamkwa kwa kinywa kilichofunguka zaidi. Tilda basi si pambo wala alama ya mkazo. Anayeiacha ameandika irabu nyingine.

Tatizo lilianzia kwenye majedwali ya misimbo ya kompyuta. Jedwali la ISO 8859-1 la mwaka 1987, lililotawala kompyuta za Ulaya Magharibi na za nchi nyingi zilizonunua mashine kutoka huko, lilikuwa na alama 191. Ndani yake mlikuwa na ã, ñ na õ kwa ajili ya Kireno na Kihispania, lakini ĩ na ũ hazikuwemo. Kilichokuwemo ni î na û zenye kofia, herufi za Kifaransa. Waandishi wakachukua zilizo karibu, na ndiyo maana hadi leo hukutwa maandishi yenye Gîkûyû na Ngûgî. Njia nyingine iliyotumika kwa lugha nyingi za Afrika ilikuwa kutengeneza fonti ya pekee, ambamo umbo la herufi inayotakiwa lilipachikwa juu ya msimbo wa alama nyingine. Karatasi ilitoka safi kwenye printa, ila faili ilipofunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, herufi ziligeuka alama zisizosomeka. Miswada ya namna hiyo bado imo katika kumbukumbu za ofisi, na kuiokoa ni kazi ya kubadilisha herufi moja baada ya nyingine.

Unicode, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, ilizipa herufi hizi misimbo yake yenyewe: ĩ ni 0129, Ĩ ni 0128, ũ ni 0169, Ũ ni 0168. Kivietinamu nacho hutumia ĩ na ũ, jambo lenye faida kwa Wakenya: fonti yoyote inayokidhi Kivietinamu, kama Times New Roman au Arial, inazo. Fonti za mapambo mara nyingi hazina, na hapo Word huazima herufi kutoka fonti nyingine, neno likaonekana limetiwa kiraka.

Katika Word ya Windows, njia ya moja kwa moja ni kuchapa msimbo kisha kubonyeza Alt na X kwa pamoja. Mchapaji huandika Ng0169, hubonyeza Alt+X, na namba zile nne hugeuka ũ. Huongeza g0129, hubonyeza tena, na Ngũgĩ amekamilika. Njia hii ina mtego mmoja. Misimbo huandikwa kwa tarakimu pamoja na herufi a hadi f, kwa hiyo Word ikikuta mojawapo ya herufi hizo imegusana na namba, huihesabu kuwa sehemu ya msimbo. Neno mũndũ linaonyesha hivyo vizuri. Silabi ya kwanza haina shida kwa kuwa m haimo katika kundi hilo. Silabi ya pili, ikichapwa nd0169, husomwa kama msimbo D0169, ambao haujapewa herufi yoyote, na kinachotokea mara nyingi ni kisanduku kitupu. Dawa ni kuandika ndU+0169 kabla ya kubonyeza Alt+X, au kuzichagua zile tarakimu nne peke yake kwanza.

Kwa anayeandika kurasa nyingi, namba hizo zinachosha. Njia bora ni kufungua Insert, kisha Symbol, kuitafuta ũ, na kuiwekea njia ya mkato kwa kitufe cha Shortcut Key, kwa mfano Alt+U. Mpangilio hufanywa mara moja kwa kila herufi, kubwa na ndogo, na baada ya hapo hufanya kazi popote ndani ya neno. Kutegemea AutoCorrect hakufai hapa, kwa sababu huangalia neno zima, ilhali ĩ na ũ hukaa katikati ya maneno.

Ritifaa ya Thiong'o ina habari yake. Word huigeuza ile iliyonyooka, msimbo 0027, kuwa iliyopinda, 2019. Zote mbili zinakubalika, lakini zikichanganywa katika orodha ya majina, programu inayolinganisha misimbo itahesabu watu wawili. Kitabu cha kuchapwa kitumie iliyopinda. Orodha na hifadhidata zitumie iliyonyooka, ambayo hurudi kwa kubonyeza Ctrl+Z mara tu Word inapoigeuza. Alama ya ` iliyo pembeni ya kitufe cha 1 si ritifaa, na haifai kamwe.

Alt+X hufanya kazi pia kinyumenyume, na hapo ndipo thamani yake kubwa ilipo. Kishale kikiwekwa mara baada ya herufi, vitufe hivyo huonyesha msimbo uliofichika. Ikitokea 0169, herufi ni sahihi. Ikitokea 00FB, ni û ya Kifaransa. Ikitokea 0303, herufi imeundwa kwa vipande viwili, u ya kawaida na tilda inayoelea juu yake: kwa macho haitofautiani na ũ halisi, lakini utafutaji wa msimbo kwa msimbo hautaiona. Makosa hayo hurekebishwa kwa Find and Replace, ila kwa tahadhari pale ambapo muswada una dondoo za Kifaransa, ambako û ina haki ya kubaki.

Mhariri anayepokea muswada wa Kikuyu na aupime kwa Alt+X kabla ya kuupeleka kiwandani.