Mizani ya Haki kwa Mbunge: Tafakari juu ya Takwimu za Utendaji Bungeni

Utangulizi

Katika semina ya wazee wa kanisa iliyofanyika Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, vijana wawili wa kwaya walituletea karatasi. Ilikuwa ni orodha ya wabunge, na mbele ya kila jina ziliandikwa tarakimu tatu: idadi ya maswali ya msingi, idadi ya maswali ya nyongeza, na idadi ya michango aliyoitoa mbunge huyo Bungeni. Vijana waliomba orodha hiyo isomwe kanisani siku ya Jumapili wakati wa matangazo, ili Wakristo wajue ni nani anayefanya kazi na ni nani anayesinzia. Mzee mmoja aliafiki mara moja. Mwingine alipinga, akisema kwamba madhabahu si jukwaa la siasa. Ndipo mchungaji mwenyeji alipotugeukia sisi, wageni kutoka chuoni, tutoe neno.

Hatuna budi kukiri jinsi tulivyoanza. Tuliweka kidole juu ya jina moja lililokuwa na sufuri katika safu ya maswali, tukasema kwa kicheko kwamba huyu amekula mshahara wa bure. Wazee wakacheka pamoja nasi. Baada ya kimya kifupi mzee mmoja akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, huyu alikuwa Waziri. Yeye haulizi maswali. Yeye ndiye anayeulizwa." Hivyo, kwa muda usiozidi dakika moja, mwalimu wa theolojia alikuwa amemshuhudia jirani yake uongo mbele ya baraza la kanisa, na tarakimu aliyoitumia ilikuwa sahihi kabisa. Makala haya ni jibu tuliloahidi kuwaandikia ndugu wa Mkwajuni. Tena ni maungamo yetu.

Asili ya takwimu hizi

Upimaji wa wabunge kwa hesabu si jambo jipya duniani. Nchini Marekani chama cha Americans for Democratic Action kimekuwa kikiwapa wajumbe wa Kongresi alama kwa kufuata kura zao tangu mwaka 1947. Katika miaka ya 1980 wataalamu Keith Poole na Howard Rosenthal walibuni njia ya kihesabu ya kumpanga kila mjumbe mahali pake kati ya mrengo wa kushoto na wa kulia, kwa kutazama tu jinsi alivyopiga kura. Jambo hilo linawezekana kwao kwa sababu kura nyingi huandikwa kwa majina, na mjumbe anaweza kupiga kura kinyume cha chama chake na bado akabaki na kiti chake.

Kwetu sisi mambo ni tofauti. Katika Bunge letu hoja nyingi huamuliwa kwa sauti: wanaoafiki husema "Ndiyo", wasioafiki husema "Siyo", na kiongozi wa kikao hupima kwa sikio. Bajeti ya Serikali ndiyo hupigiwa kura kwa kuita majina. Aidha, kwa mujibu wa Ibara ya 71 ya Katiba, mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini hupoteza ubunge wake. Basi hata pale kura inapoandikwa, mara nyingi hutuonyesha msimamo wa chama kuliko dhamiri ya mtu. Uzito wa jambo hili ulionekana katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, ambapo wajumbe walibishana kwa siku nyingi kama kura iwe ya wazi au ya siri, na mwishowe kila mjumbe akaruhusiwa kuchagua mojawapo.

Kwa sababu hiyo wapimaji wa Afrika Mashariki wamelazimika kuhesabu maneno badala ya kura. Nchini Kenya, Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo mwaka 2005, nayo imekuwa ikipima ushiriki wa wabunge kwa kutumia taarifa rasmi za mijadala. Nchini Uganda, taasisi ya Africa Leadership Institute ilitoa kadi za alama za wabunge kuanzia kipindi cha mwaka 2006 hadi 2007. Hapa Tanzania, Uwazi, kitengo cha shirika la Twaweza, kilitoa kijarida mwaka 2010 kilichohesabu maswali na michango ya wabunge kutokana na kumbukumbu za Bunge lenyewe. Orodha ya vijana wa Mkwajuni ni mjukuu wa kazi hizo.

Kasoro za hesabu

Kasoro ya kwanza tumekwisha kuieleza: hesabu haijui cheo cha mtu. Waziri, Naibu Waziri na Spika huonekana wavivu katika safu ya maswali kwa sababu tu ya kazi waliyopewa.

Kasoro ya pili ni kwamba huhesabiwa kile kinachoonekana. Sehemu kubwa ya kazi ya Bunge hufanyika katika kamati, ambako muswada husomwa kifungu kwa kifungu na hesabu za Serikali huchunguzwa. Mbunge aliyekaa siku tatu akipekua taarifa ya Mkaguzi Mkuu hapati hata alama moja katika orodha ya namna hii, wakati mwenzake aliyesimama ukumbini kusema kwamba anaunga mkono hoja mia kwa mia ameandikiwa mchango mmoja.

Kasoro ya tatu ni kwamba kurudia huhesabiwa kuwa kuzidisha. Wenyeji wa Mkwajuni wanaijua barabara itokayo Mbalizi kupitia kwao hadi Makongolosi, ambayo iliombewa lami kwa miaka mingi. Tuchukue mfano wa mbunge anayeuliza juu ya barabara kama hiyo mara kumi na kujibiwa mara kumi kwamba upembuzi yakinifu unaendelea: ana alama kumi. Mwenzake anayekwenda wizarani mara moja, akaona fungu la fedha limeingizwa katika bajeti, hana alama yoyote. Wala hatusemi kwamba yule wa kwanza amekosa. Huenda ung'ang'anizi wake, kama wa yule mjane wa mfano wa Bwana wetu mbele ya kadhi dhalimu, ndio uliofungua mlango. Tunasema tu kwamba tarakimu haiwezi kutuambia.

Kasoro ya nne ni ya hatari zaidi, kwa kuwa inamharibu mtu mwenyewe. Anayejua kwamba anahesabiwa maneno ataongeza maneno.

Je, tusihesabu?

Baada ya kusema hayo, wengine watapenda tufunge shauri kwa kukumbusha hesabu ya Daudi na tauni iliyoifuata. Hoja hiyo haitoshi. Kitabu cha Hesabu kinafunguliwa kwa Bwana mwenyewe kuagiza watu wahesabiwe. Daudi hakuhukumiwa kwa sababu tarakimu ni najisi. Pia sisi wachungaji ndio wa mwisho tunaostahili kuichukia hesabu. Kila mwaka tunajaza taarifa ya usharika: waliobatizwa, waliopata kipaimara, washiriki wa Meza ya Bwana, sadaka. Tunajua vema kwamba idadi kubwa ya kipaimara yaweza kuficha vijana wasioonekana tena ibadani baada ya sherehe. Hata hivyo hatujasikia mchungaji aliyependekeza vitabu vya usharika vichomwe moto.

Tukumbuke pia ni nini hubaki hesabu inapoondolewa. Hubaki kanga, fulana na sukari za wakati wa kampeni; hubaki uvumi wa sokoni na ukabila. Mwezi wa Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitaendelea kurusha vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Mkwajuni, atokaye shimoni jioni, hakuwa na njia nyingi za kumwona mwakilishi wake hata kabla ya hapo. Kwake yeye tarakimu tatu zenye kasoro ni nyingi kuliko kutokuwa na kitu. Anayemnyima kwa kisingizio cha utakatifu wa madhabahu anamlinda mkubwa dhidi ya mdogo.

Hata hivyo tusitarajie miujiza. Watafiti Macartan Humphreys na Jeremy Weinstein walifuatilia kadi za Uganda, wakaona kwamba wapiga kura walizijali habari walizopewa, lakini hawakupata ushahidi kwamba kadi zilibadili mwenendo wa wabunge au matokeo ya uchaguzi. Utafiti mwingine wa Guy Grossman na Kristin Michelitch, uliochapishwa mwaka 2018 juu ya madiwani wa Uganda, ulionyesha kwamba kutangaza alama kuliwafanya madiwani waongeze juhudi pale tu ambapo kulikuwa na ushindani wa kweli katika uchaguzi. Fundisho lake ni zito: mizani haimtishi mfanyabiashara ajuaye kwamba mteja hana duka jingine la kwenda.

Amri ya Nane kama kipimo cha kipimo

Kwa maoni yetu, mahali pa kulijadili jambo hili katika theolojia yetu ni Amri ya Nane. Takwimu juu ya mtu ni ushuhuda juu ya jirani. Katika Katekisimo Ndogo Luther hakuridhika kukataza uongo. Alidai tumtetee jirani na kuyatafsiri mambo yake kwa wema. Luther huyohuyo, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, aliuhesabu utawala mwema miongoni mwa mahitaji ya mkate huo. Basi tunafungwa pande zote mbili: hatuna ruhusa ya kumsingizia mbunge, wala hatuna ruhusa ya kunyamaza juu ya utawala ambao mkate wa watu hutegemea.

Kutokana na hayo tunawajibu ndugu zetu hivi. Orodha isisomwe katika ibada, kwa kuwa hapo mtajwa hawezi kujibu na msikilizaji hawezi kuuliza. Isomwe katika mkutano wa usharika, nje ya ibada, kwa masharti matatu. Kwanza, msomaji aeleze ni nini kilichohesabiwa na ni nini kilichoachwa, na kila jina litajwe pamoja na kazi aliyokuwa nayo mtu huyo. Pili, pamoja na tarakimu zisomwe hotuba mbili au tatu kamili kutoka katika Taarifa Rasmi za Bunge, ili watu wasikie kilichosemwa. Tatu, mbunge anayehusika aalikwe, awe wa chama chochote, aulizwe: uliuliza mara saba, ulijibiwa nini, na baada ya jibu ulifanya nini? Tarakimu ni mwanzo wa swali hilo. Wala isifanywe hukumu.

Hitimisho

Wenyeji wa Mkwajuni hawahitaji kufundishwa juu ya mizani. Wanajua kwamba mzani wa dhahabu hutoa uzito, na kwamba usafi wa dhahabu hujulikana kwa kipimo kingine. Wanajua pia kwamba mnunuzi anayekataa mzani usiwekwe mezani ana jambo analolificha. Yule mzee aliyetusahihisha hakuichana karatasi ya vijana. Aliisoma kwa makini kuliko sisi, akamjua mtu aliye nyuma ya sufuri, akasema ukweli kwa upole. Laiti wanafunzi wetu wangetoka chuoni wakiwa na ujuzi huo.