Jehanamu ya Wasomi: Mapenzi, Uhasimu na Mamlaka ya Msimamizi katika Riwaya ya Katabasis

Makala haya yanachunguza riwaya ya Kiingereza ya Katabasis (2025) ya R. F. Kuang kwa lengo la kuhoji mpaka uliowekwa baina ya riwaya dhati na riwaya pendwa katika uhakiki wa Kiswahili.

Alice Law na Peter Murdoch ni mahasimu wa kitaaluma wanaosomea uzamivu wa sihiri katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Msimamizi wao, Profesa Grimes, anapofariki, wanateremka jehanamu kumrejesha. Nauli ni nusu ya umri uliowabakia. Alice anahitaji barua ya mapendekezo ya profesa huyo ili apate kazi. Aidha, anabeba hatia ya ajali iliyomuua. Ugothiki wa riwaya umejikita hapo: mamlaka ya msimamizi yanaendelea kutawala hata baada ya kaburi. Jehanamu yenyewe ina sura ya chuo, na kiburi kimewekewa maktaba.

Katika muktadha huo, mapenzi yana kazi ya kihakiki. Grimes aliwazoesha wanafunzi wake kupimana, kila mmoja akimwona mwenzake kizuizi. Kupendana kunawalazimu kuambiana waliyofichana, na kwa hiyo kunaudhoofisha mfumo uliowatenganisha. Kasoro ipo: maelezo marefu ya mantiki na falsafa mara nyingine huisimamisha hadithi pale hisia zinapoanza kukolea.

Riwaya ya Kiswahili si ngeni kwa safari za namna hii. Ziraili na Zirani (1999) ya William Mkufya na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed huvuka mpaka wa uhai na mauti. Katika ile ya pili, mzuka wa babu unamsuta kigogo aliyeisahau jamii yake. Kazi hizi zimepokewa kama riwaya dhati. Hadithi ya mapenzi, kinyume chake, huitwa upesi pendwa na mara nyingi hukosa nafasi darasani.

Suala hili lina uzito Bujumbura. Kiswahili kina wenyewe katika mitaa kama Buyenzi, lakini kwa wanafunzi wengi wa Burundi ni lugha ya somo, baada ya Kirundi na Kifaransa. Msomaji huyo anahitaji kitabu kitakachomvuta hadi ukurasa wa mwisho. Hivyo basi, inapendekezwa kwamba wateuzi wa vitabu vya ziada wasikitenge kitabu kwa sababu ya mapenzi yaliyomo, bali wapime yale ambayo mapenzi hayo yanafichua kuhusu mamlaka.