Mafundi wa Chai wa Wuyi

Mnywaji astaajabiaye ladha ibakiayo kooni ya chai ya oolong itokayo milima ya Wuyi, jimboni Fujian nchini China, aghalabu hamkumbuki fundi ambaye, baada ya kuyaanika majani juani, alikesha akiyatikisa katika nyungo za mianzi, akiyapumzisha, akiyanusa, akiyatikisa tena, hata kingo zake zikawa nyekundu na harufu ya ubichi ikageuka kuwa ya maua. Na lau angalichelewa kuyatia katika karai la moto, kazi yote ingaliharibika. Sisi twajisifu kwa kujua kumimina maji yachemkayo na kuyachuja upesi: ilimu ndogo hiyo! Na fundi yule bado ana kazi ya ukaushaji juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, pasipo mwali wala moshi, saa baada ya saa, joto likipimwa kwa mkono na pua.