Adabu na Adhabu: Bakora katika Lugha na Fasihi ya Kiswahili

Maneno mawili, adabu na adhabu, hukaa jirani sana mdomoni mwa Mswahili. Sauti moja tu ndiyo inayoyatenga, na asiyekuwa makini na matamshi huweza kulitaja moja hali amekusudia jengine. Kwa asili hayana nasaba. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini la kwanza ni mwenendo mwema na malezi, na la pili ni mateso. Ni matumizi ya watu yaliyoyaoza. Leo mzee anaposema kuwa mtoto fulani ametiwa adabu, hapana msikilizaji anayedhani kuwa mtoto huyo amefunzwa kusalimia au kupisha wakubwa njiani. Kila mtu huelewa kuwa amechapwa.

Suala hili ni la lugha, na kwa hiyo ni la washairi, kabla ya kuwa la polisi au la mahakama. Katika Jadida, upande wa Wete, kama katika Pemba nzima, mtoto hulelewa baina ya milango miwili ya elimu: skuli na chuo. Katika milango yote miwili hukutana na henzerani, na katika yote miwili huambiwa kuwa inampenda. Mzungumzo wa kuziweka skuli salama, bila ya silaha, bila ya mapigano, bila ya wakubwa kuwaonea wadogo, aghalabu huanza kwa watoto wenyewe: nani kaingia na kisu, nani kampiga nani nyuma ya madarasa. Ni nadra kuanza na silaha ambayo haifichwi mfukoni, bali hulazwa juu ya meza ya mwalimu mchana kweupe.

Lugha ina neno jengine la kuzingatiwa, nalo ni kurudi. Kumrudi mtoto ni kumuadhibu ili ajirekebishe. Neno ni lile lile la kurejea. Aliyelitia neno hili katika malezi alimuona mtoto kama mtu aliyetoka njiani, na mlezi kama mtu anayemshika mkono na kumrejesha. Maana hiyo ni nzuri mno. Ila kila mwenye kuchunga mbuzi anajua kuwa mnyama aliyepigwa sana harudi, huzidi kukimbia. Anayetazama watoto wanaojificha mashambani asubuhi ili wasifike darasani ataelewa kuwa bakora imelipindua neno: kilichokusudiwa kuwa njia ya kurejea kimekuwa sababu ya kutoroka.

Watetezi wa bakora hukimbilia methali, na methali ndizo zinazostahili kusomwa upya kwa uangalifu. Samaki mkunje angali mbichi. Udongo uwahi ungali maji. Hizi mbili husomwa kila siku kuwa ni ruhusa ya kupiga. Lakini nani aliyewahi kumkunja samaki kwa fimbo? Samaki mbichi hukunjwa kwa vidole, taratibu, kwa kuwa anakubali. Na akilazimishwa huchanika. Udongo nao hufinyangwa kwa kiganja kilicholowa maji. Mfinyanzi akiupiga chungu kibichi hupata kigae. Wahenga walisema habari ya wakati na ya ulaini, na wasomaji wa baadaye wakatia fimbo pahali ambapo haikutajwa. Hata ile iliyo kali kuliko zote, mcha mwana kulia hulia yeye, haisemi mtoto alie kwa lipi. Mtoto hulia pia anaponyimwa anachokitaka, anapoambiwa ukweli, anapolazimishwa kuomba radhi kwa mdogo wake. Kilio hicho ndicho mzazi asichopaswa kukiogopa.

Katika fasihi andishi, hapana maandishi yaliyoigusa bakora kwa undani kama Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Kitabu hiki kimesomeshwa kwa miaka mingi kama hazina ya maadili, na ndivyo kilivyo. Lakini wasomeshaji wengi hupita haraka katika kiini chake cha ajabu. Adili, liwali mwema wa Janibu, kila usiku huwapiga manyani wawili ambao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya uovu waliomtendea. Huwapiga kwa amri ya jini, na baada ya kuwapiga huwahurumia. Mkono unaochapa ni mkono huo huo unaolisha.

Picha hiyo yafaa itazamwe kwa muda. Adili hana chuki. Amefungwa na amri ambayo hakuitunga. Ndugu zake hawajifunzi lolote kutokana na mijeledi. Manyani hubaki manyani, usiku baada ya usiku. Kinachovunja duara ni mtu wa tatu, mfalme Rai, anayepata habari, akaona kuwa jambo hili halistahiki kuendelea, akasimama kuwaombea. Ndipo ndugu wanaporejea utu wao. Kama kitabu hiki ni somo la maadili, basi somo lake juu ya adhabu si lile linalozoeleka kutolewa. Mjeledi haukumrejesha mtu. Msamaha na uombezi ndio uliorejesha.

Walimu wengi wako katika hali ya Adili. Walichapwa walipokuwa wadogo, wamekabidhiwa darasa lililofurika, wanadaiwa matokeo ya mitihani, na wazazi wenyewe huwalaumu wanapolegeza mkono. Jini wao ni mazoea. Kuwaita makatili hakutoshi, na mara nyingi si haki. Lakini huruma kwa mwalimu haiwezi kuziba macho mbele ya yale ambayo mazoea huzaa. Mwezi wa Agosti 2018, katika Mkoa wa Kagera, mwanafunzi wa skuli ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya mkoba uliopotea. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji. Kanuni za Tanzania Bara zilikuwa zimeweka mipaka tangu 1979, na marekebisho ya 2002 yakapunguza viboko hadi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa kuandikwa katika daftari. Hasira haisomi daftari. Huo ndio udhaifu wa kila mpaka unaochorwa kwa fimbo.

Nchi jirani ya Kenya iliiondoa bakora skulini mwaka 2001. Zanzibar ilipitisha Sheria ya Mtoto mwaka 2011, sheria iliyopata tuzo ya dhahabu ya kimataifa ya sera bora mwaka 2015, na kabla ya hapo Wizara ya Elimu, pamoja na shirika la Save the Children, ilikuwa imeanza kujaribu adhabu mbadala katika baadhi ya skuli. Jina lenyewe, adhabu mbadala, linaonesha jinsi lugha ilivyo nzito kugeuka. Bado ni adhabu. Kilichohitajika ni adabu isiyokuwa na mbadala.

Hata hivyo, mkosoaji atakuwa amejidanganya iwapo ataona kuwa henzerani ikivunjwa basi uonevu umekwisha. Katika Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, kijana Yusuf hupelekwa chuoni kukaa na watoto walio wadogo kuliko yeye, baada ya kugundulika kuwa hajui kuisoma Qur'ani. Kinachomuumiza ni aibu, na aibu haiachi alama mgongoni. Kiswahili kinajua jambo hili tangu kale: kijembe ni kisu kidogo chenye makali, na kijembe ni neno la kuchoma. Mtoto anayeitwa jina la kejeli kila siku kwa sababu ya kigugumizi chake, au ngozi yake, au kandambili zake zilizokatika, naye amekatwa kwa silaha, ijapokuwa hapana atakayepekua mfuko akaipata.

Hapa ndipo ushairi wa Pemba una la kutoa. Kisiwa hiki kiliwahi kuwa na mahasimu waliopigana bila ya kuguswa mtu. Kamange na Sarahani, ambao tungo zao zilichapishwa mwaka 2011 katika Kale ya Washairi wa Pemba chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla, ni mashahidi wa utamaduni wa kujibizana ambamo hasimu hulazimika kwanza kumsikiliza mwenzake. Anayejibu shairi sharti ashike bahari yake na vina vyake, na kwa hiyo hawezi kujibu bila ya kuelewa. Sheria hiyo ndogo ya sanaa ni malezi makubwa. Humfunza mwenye hasira kusubiri, na humpa mnyonge wa mwili pahali ambapo anaweza kumshinda mbabe mbele ya watu wote. Bila shaka malumbano nayo yana vijembe vyake, na yasiposimamiwa hugeuka matusi. Ila kijembe cha shairi hutolewa hadharani, na hadharani mchokozwa ana haki ya kujibu. Uonevu hustawi pale tu ambapo haki hiyo haipo.

Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mnamo 1858 naye akiwa mgonjwa, alimuita binti yake asogee karibu na wino na karatasi. Msomaji wa leo anaweza kuyapinga mengi aliyomfunza, hasa juu ya utiifu wa mke. Namna alivyoanza kufunza ni vigumu kuipinga: mtoto aliitwa aje karibu, na mkononi akatakiwa awe na kalamu. Skuli na vyuo vya Pemba vina wino na karatasi. Kilichobaki ni mwalimu, na mzazi aliye nyuma yake, kuondoa mezani kile ambacho kinamfanya mtoto aogope kusogea.