Kikatanyasi Kina Kosa Gani? Uhakiki wa Ufundishaji wa Maneno Ambatani katika Shule za Msingi

Katika mazoezi yangu ya kufundisha nilipewa darasa la tano la shule moja ya msingi nje kidogo ya Kampala. Mada ya wiki ya pili ilikuwa maneno ambatani. Niliifundisha kama nilivyofundishwa mimi. Niliandika ubaoni mbwa + mwitu = mbwamwitu, punda + milia = pundamilia, kisha nikawapa watoto nafasi za kujaza. Walijaza zote na nikadhani somo limeeleweka. Nilipomuuliza mmoja wao mbwamwitu ni mnyama gani, alijibu kuwa ni mbwa wa askari.

Jibu hilo lilinifanya niutilie shaka mtindo huu, ambao aghalabu ndio ulio katika madaftari yetu ya mofolojia: nomino na nomino, nomino na kivumishi, kitenzi na nomino. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu orodha hiyo ni muhtasari mzuri, kwa kuwa maneno yenyewe anayajua tayari. Mtoto anayeanza hana maneno hayo. Kwake alama ya kujumlisha inamwagiza tu asogeze herufi zikaribiane. Haimwambii kwamba mwanasheria si mtoto wa mtu yeyote.

Hilo la mwanasheria lina uzito wake kwa watoto wa Buganda, kwani kwa Kiganda omwana ni mtoto. Wakikutana na mwananchi, mwanachama na mwanasiasa, wanaona watoto watatu. Nilihangaika kueleza kwa Kiswahili hadi nikakumbuka kwamba lugha yao, ambayo ndiyo yangu pia, ina maneno yaliyojengwa vivyo hivyo: mwanasheria ni munnamateeka, na mwananchi ni munnansi. Munna- ni mtu wa kundi au wa shughuli fulani. Nilipoandika munnamateeka ubaoni darasa zima lilicheka, maana Kiganda hakitarajiwi katika kipindi cha Kiswahili. Lakini baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena mwanajeshi ni mtoto wa nani.

Kwenye wingi mambo yalikuwa magumu zaidi, na hapo kosa lilikuwa langu. Niliwapa kanuni kwamba sehemu ya kwanza ndiyo inayobadilika. Kanuni hiyo inatupatia wananchi, vipimajoto na magarimoshi. Haitupatii wenyeviti, wanawake wala wajawazito. Watoto wengi waliandika "wenyekiti", nami nikakata kwa wino mwekundu bila kujiuliza walikitoa wapi. Walikitoa kwangu. Na Kiganda kiliwaunga mkono: mwenyekiti ni ssentebe, neno lenye sse- ya mkubwa wa jambo pamoja na ntebe, yaani kiti, na wingi wake ni bassentebe. Entebe haibadiliki ikiwa moja au mia, kwa hiyo sikio la mtoto halina sababu ya kungoja badiliko lolote mwishoni mwa neno.

Ningeweza kuwaeleza sababu badala ya kuwapa kanuni nusu. Katika mjamzito sehemu ya pili ni kivumishi, nacho lazima kikubaliane na nomino yake. Katika mwanamke sehemu zote mbili zinamtaja mtu yuleyule. Kuhusu mwenyekiti, wiki iliyofuata niliwaita watoto watatu mbele, nikawakalisha kila mmoja kwenye kiti chake, na darasa likasema lenyewe: wenyeviti. Wanachama kumi wana chama kimoja, wenyeviti kumi wana viti kumi. Sidai kwamba hiyo ni sheria ya lugha, ila ilifanya kazi.

Kosa linaloniuma zaidi ni la jaribio la mwisho. Niliwataka waunde maneno matano kwa kufuata mfano wa kipimajoto na kinasasauti. Mvulana mmoja aliandika kikatanyasi. Kila Ijumaa wanafunzi wa shule ile hufyeka uwanja, kwa hiyo kifaa alichokitaja anakijua mkononi mwake. Nilimpa sifuri kwa sababu neno hilo halimo katika kamusi. Mwenzake aliyenakili kipimajoto na kinasasauti kutoka kwenye swali lenyewe alipata alama zake.

Nilipolizungumzia jambo hili katika semina, wenzangu walipinga, na hoja yao si ndogo. Mtihani wa taifa hauulizi maneno aliyojiundia mtoto, na mwalimu akiyapokea yote, Kiswahili sanifu kitafundishwaje? Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, walimu wapya tunatakiwa kuleta matokeo, wala si vichekesho. Nakubali. Hata njia yangu ya Kiganda haikumfaa kila mtu, kwani darasani alikuwamo msichana anayezungumza Kiacholi nyumbani, na kwake munnamateeka lilikuwa neno geni la pili kwa siku moja.

Lakini swali langu halikuwa la msamiati. Niliuliza juu ya uundaji, na ki- ya kifaa, kitenzi kata na nomino nyasi vimekaa mahali pake barabara. Ningempa alama ya muundo, kisha nikamwambia kwamba Kiswahili kinacho tayari kifaa hicho, kinaitwa fyekeo, na hakikuambatanisha chochote: kimechukua kitenzi fyeka na kukiwekea -o mwishoni, kama chuja ilivyozaa chujio na fagia ikazaa ufagio. Hapo angejifunza njia mbili za kuunda jina la kifaa badala ya moja. Mazoezi yangu yaliisha siku tatu baada ya kurudisha karatasi zile, na sifuri yake sikuirekebisha.