Malazi ya Mashabiki wa Mbio za Magari: Kutoka Bungoma na Kitale hadi Mbarara

Katika michezo yote ambayo watu wa nchi zetu husafiri mbali kwenda kuitazama, hakuna hata mmoja unaomtia mtazamaji katika hesabu ngumu ya malazi kama mbio za magari za barabara za vumbi; kwa sababu mpira una uwanja mmoja, na riadha ina mzingo mmoja, na hata zile mbio mashuhuri za Ulaya, za Silverstone na Monza, huzunguka njia moja iliyozungushiwa ua, ambayo mgeni aweza kupima umbali wake tangu kitandani kwake; ilhali mbio zetu hutawanywa katika mashamba, misitu na vijiji vya eneo zima, leo upande wa mashariki, kesho upande wa magharibi, na barabara inayomfikisha mtazamaji mahali pake alfajiri ndiyo hiyo hiyo inayofungwa asubuhi ili magari yapite.

Muradi wangu ni kuchambua jinsi kundi moja la mashabiki, baadhi yao watu wa Kitale na baadhi watu wa Bungoma, lilivyopata malazi Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa ajili ya mbio za Pearl of Africa, ambazo huhesabiwa katika ubingwa wa Afrika. Walinipa daftari lao nilisome, nami nikaona kuwa lastahili kuchambuliwa hadharani, kwa maana jambo la kwanza lililoandikwa humo ni ratiba ya mbio, na jina la nyumba ya wageni ya kwanza halitokei mpaka kurasa kadhaa zimekwisha kujazwa kwa saa, barabara na vijiji.

Ratiba ya mbio za namna hii husema mambo matatu yanayomhusu mtafuta kitanda, ingawa haikuandikwa kwa ajili yake. Hutaja mikondo, yaani vile vipande vya barabara vinavyofungwa ili madereva washindane na saa, kwa siku na kwa eneo. Hutaja kituo cha huduma, ambako magari hurudi kutengenezwa. Na hutaja saa ambayo gari la kwanza litaingia katika kila mkondo. Saa hiyo ndiyo msingi wa hesabu yote, kwa kuwa barabara hufungwa mapema kabla yake, magari ya usalama yenye namba za sifuri hupita kuhakikisha kwamba njia ni tupu, na mtu asiyekuwa amekwisha kuingia kabla ya kufungwa hana hila tena: atasikia ngurumo ya injini nyuma ya kilima, asione hata vumbi. Kwa hiyo kitanda kilicho umbali wa kilomita 10 lakini ng'ambo ya barabara iliyofungwa ni kitanda cha mbali, na kilicho umbali wa kilomita 40 upande ulio wazi ni cha karibu. Na shabiki apimaye umbali kwa ramani peke yake, bila ya saa, hulala mahali pabaya kwa bei ghali.

Ratiba hiyo hiyo, ikisomwa kwa makini, hufichua pia kwa nini vyumba vya mjini huwa haba. Madereva na waelekezi wao hufika katikati ya juma kwa uchunguzi wa njia, wakapita mikondo polepole huku mwelekezi akiandika kila kona, kila daraja na kila shimo. Baada ya hapo magari hukaguliwa na wasimamizi. Na pamoja nao wako mafundi, wapima saa, madaktari, waandishi na wapiga picha, kaumu nzima ambayo haina budi kulala karibu na kituo cha huduma. Mwenye hoteli aliye na chumba kimoja na waombaji wawili, mmoja akikitaka tangu Jumanne hadi Jumapili na mwingine akikitaka Ijumaa na Jumamosi tu, hana sababu ya kumpendelea wa pili. Aghalabu shabiki wa namna hiyo huambiwa kwamba pamejaa, naye hudhani amechelewa kuomba, kumbe kilichomkosesha ni umbo la ombi lake. Kundi letu liliomba tangu Alhamisi hadi Jumatatu asubuhi, na sababu ya kuongeza Jumapili nitaieleza mahali pake.

Busara hii hawakuitoa hewani. Mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zilikuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na madereva wakienda mchana na usiku, hata mtazamaji wa magharibi ya Kenya hakuhitaji malazi yoyote: alitoka nyumbani kwake, akasimama kando ya njia, akarudi kulala. Mwaka 1974 jina likawa Safari Rally, na njia yake ikaja kubaki ndani ya Kenya peke yake. Ziliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, makao yake yakawa Naivasha, na hapo ndipo watu wetu walipopata darasa la kwanza la malazi. Maelfu waling'ang'ania vyumba vya Naivasha, kwa kuwa jina la Naivasha ndilo lililotangazwa. Lakini mikondo ya Elmenteita, Soysambu na Sleeping Warrior iko karibu zaidi na Gilgil, na ile ya Kedong na Hell's Gate ndiyo iliyo ya Naivasha hasa. Mtu wa Kitale aliyeshuka kwa njia ya Eldoret na Nakuru, akalala Gilgil usiku wa kuamkia siku ya Elmenteita, alifika mahali pake kabla ya wengi waliolala penye mataa mengi na muziki mwingi.

Mbarara walikata shauri kwa kanuni hiyo hiyo. Walichora mji katikati ya karatasi, wakaweka mikondo ya kila siku, wakaziwekea alama barabara zitakazofungwa, kisha wakauliza ni upande gani ambao mtu aweza kutoka alfajiri za siku zote za mbio pasipo kukata njia iliyofungwa wala kuvuka mji. Jibu lilikuwa upande wa barabara ya Masaka, nje kidogo ya mji. Lyantonde, ulio barabara hiyo hiyo na wenye nyumba nyingi za wageni kwa sababu ya madereva wa malori, waliufikiria wakauacha, kwa kuwa ungewalazimu kuendesha gari zaidi ya saa moja gizani kila siku. Ishaka, ulio magharibi ya Mbarara, waliuacha pia, ingawa mpwa wa mmoja wao anasoma huko na alikuwa tayari kuwapa chumba chake bure. Naliheshimu sana shauri hilo. Kukataa kitanda cha bure cha jamaa ni jambo zito kwetu, lakini kitanda hicho kilikuwa upande usiofaa, na fedha ambazo kingeokoa zingepotea kwa petroli na kwa mikondo isiyoonekana.

Kijana huyo hata hivyo ndiye aliyeikamilisha kazi. Wakenya wengi husoma Ishaka, nao huijua Mbarara kwa basi na kwa miguu, wakajua nyumba ambazo hazina tangazo popote ila ubao uliopakwa rangi langoni. Alipewa orodha ya maswali na kuambiwa aone kwa macho yake, asiulize kwa simu: kama ua una ukuta na nafasi ya magari mawili, kama maji yapo bombani au hubebwa kwa ndoo, kama jirani ana baa inayopiga muziki hadi usiku wa manane, kama jikoni wataweza kujaza chai katika chupa za kuhifadhi joto usiku, kwa wageni watakaoondoka kabla ya mpishi kuamka. Katika orodha hiyo, swali la saa za kufungua geti ndilo lililozaa mjadala. "Mjomba," alisema kijana kwa simu, "maji yapo na ua ni salama, lakini geti hufungwa saa nne usiku, na mlinzi hana ruhusa ya kulifungua kabla ya saa kumi na mbili asubuhi." Mjomba wake akamjibu, "Basi, mwanangu, usitoe hata senti mpaka mwenye nyumba mwenyewe akubali saa tisa usiku." Mwenye nyumba alikubali, akamwita mlinzi mbele ya kijana, na ruhusa ikaandikwa katika kitabu cha wageni. Kwa maoni yangu hakuna jambo katika daftari zima lililo na thamani kuliko mstari huo mmoja, kwa sababu nyumba nzuri yenye geti lisilofunguka ni gereza kwa mtu wa mbio, na wasafiri wengi hulijua hilo wakiwa wamekwisha kuvaa viatu.

Arubuni ililipwa kidogo, kiasi cha kumfunga mwenye nyumba bila ya kumfilisi mgeni iwapo jambo litaharibika. Fedha zilitoka Bungoma kwa M-Pesa hadi simu ya MTN ya kijana, naye akazikabidhi mkononi, akachukua stakabadhi yenye tarehe za kuingia na kutoka, idadi ya vyumba na bei kwa shilingi za Uganda. Maana kutaja shilingi bila ya kutaja za nchi gani ni kualika ugomvi mpakani mwa nchi mbili zenye jina moja la fedha. Salio lililipwa funguo zilipokabidhiwa.

Kwa kuwa safari ya kutoka Bungoma hadi Mbarara inazidi kilomita 500, iliwabidi watafute pia malazi ya njiani, na hapa nasaba ilifanya kazi ambayo fedha haiwezi. Wabukusu wa Bungoma na Wagisu wa Mbale ni ndugu, Mlima Elgon uko baina yao na haujawatenga, na mgeni wa Bungoma haulizi hoteli Mbale, bali huuliza nyumba ya nani. Walioondoka Bungoma walivuka Malaba, wakapanda Tororo hadi Mbale. Waliotoka Kitale walipita Endebess na Suam, kwa kuwa ile barabara ya kilomita 73 baina ya Suam na Kapchorwa, iliyokuwa matope matupu wakati wa masika, ilipowekwa lami iliwapa watu wa Trans Nzoia mlango wao wenyewe. Walikutana Mbale, wakalala kwa jamaa. Tahadhari moja tu nitaiongeza kwa wafuatao nyayo zao: mbio zikiangukia Agosti ya mwaka wa shufwa, huo ndio msimu wa tohara pande zote mbili za mlima, na nyumba za Mbale huwa na wageni mpaka barazani.

Mintarafu ya mpaka sina mengi. Kitambulisho cha taifa chatosha kwa Mkenya aingiaye Uganda, kwa makubaliano yaliyoanza 2014. Gari huhitaji logibuku, barua ya mwenye gari kama dereva si mwenyewe, na kadi ya manjano ya COMESA kwa ajili ya bima.

Sasa Jumapili. Mbio humalizika mchana, zawadi hutolewa, na kabla ya jua kuchwa kaumu yote ile iliyovijaza vyumba tangu katikati ya juma hufunga mizigo na kuondoka. Hivyo usiku wa Jumapili ndio ulio rahisi kupatikana kuliko zote, na ndio ambao barabara ya Masaka na Kampala huwa na hatari kubwa kuliko zote, imejaa madereva waliochoka na vijana waliotoka kuwatazama mabingwa wakikata kona kwa kasi. Kundi letu lilipunguziwa bei ya usiku huo kwa kuomba tu, likala chakula mapema, likalala. Jumatatu alfajiri waliondoka Mbarara, wakaikwepa Kampala kwa ile barabara ya kilomita 21 itokayo Busega hadi Bweyogerere, wakavuka daraja jipya la Jinja lililofunguliwa 2018, na Nakalama, mbele kidogo ya Iganga, gari la Kitale likashika kushoto kwenda Mbale na Suam, la Bungoma likaendelea moja kwa moja kwenda Malaba.